Haki ya Mwili: Mapumziko ya Wanyanyua Vyuma na Wapagazi wa Mlimani



Tumekusudia safari hii kusema juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona geni katika kurasa hizi, nalo ni mapumziko ya mtu anayenyanyua vyuma. Mtauliza, "Mwalimu wa chuo ana nini na vyuma?" Tutawaelezeni yaliyotufika, na mkishayasikia mtaona kuwa habari hii ni ya nyumba zetu sote, hasa sisi tukaao Moshi mjini, na ndugu zetu wa huko juu migombani, Marangu, Machame, Kibosho na Old Moshi, ambako vijana wengi hula kwa nguvu za mabega yao.

Alikuwako kijana mmoja aliyesoma kwetu tangu alifu mpaka akahitimu. Alipofika umri wa miaka ishirini alitamani kazi ya upagazi wa Mlima Kilimanjaro. Walakini alikuwa mwembamba, naye aliona haya kwenda kusimama langoni pamoja na wenziwe wenye vifua vipana, akahofu kuwa hatachaguliwa. Basi yeye na rafiki zake wakatengeneza vyuma vyao wenyewe uani: wakatwaa makopo ya rangi, wakayajaza saruji, wakachomeka bomba katikati, ukawa uzani wa kunyanyua. Twasema kwa haki kwamba walifanya jema, kwani kijana kuutia nguvu mwili wake ni bora kuliko kushinda kijiweni akihesabu wapitao.

Nasi tulifurahi mno. Tukamsifu mbele ya wanafunzi wadogo, tukawaambia, "Mtazameni ndugu yenu, hapumziki asubuhi wala jioni. Nanyi kuweni hivyo katika masomo." Neno hili ndilo tulijutialo hata leo. Kijana akisifiwa na mwalimu wake kwa kutopumzika, ni nani tena atakayemwambia apumzike?

Akaendelea hivyo majuma mawili, kila siku kifua kile kile na miguu ile ile. Jioni moja wakashindana kuchuchumaa na kuinuka na uzani mabegani, nani atashinda kwa hesabu. Yeye akashinda, na hesabu yake ilipita mamia. Alfajiri ya pili yake tulimwona katika safu akishindwa kukaa tahiyyatu, akaegemea ukuta, tukadhani ni uchovu wa kawaida, tena tukatabasamu. Siku iliyofuata mama yake akaja mlangoni petu kabla ya adhuhuri. Alisema mapaja ya mwanawe yamevimba na kukaza kama ubao, na mkojo wake umekuwa na rangi ya kahawa, na yeye mwenyewe anakunywa vidonge vya maumivu alivyonunua dukani na kusema ni kawaida ya wanyanyua vyuma.

Tukamwambia, "Mama, mpe siku mbili, atapoa."

Akajibu, "Maalim, mimi nimelea watoto wanne. Huu si mkojo wa uchovu. Kama wewe huendi naye hospitali, nitakwenda naye peke yangu."

Tukaona haya, tukainuka, tukaenda naye.

Daktari alipousikia mkojo wa rangi ile hakungoja. Alitueleza kwa upole kwamba misuli ikitumikishwa kupita kiasi bila kupewa nafasi ya kupona, nyuzi zake huvunjika kwa wingi, na vilivyomo ndani yake humwagika katika damu. Miongoni mwa vitu hivyo ni ile rangi nyekundu ya misuli iitwayo mayoglobini, nayo ikiwa nyingi huzielemea figo na yaweza kuziharibu. Akatwambia pia kwamba vile vidonge vya maumivu, vya namna ya ibuprofeni na diklofenaki, huzidisha hatari kwa figo za mtu aliyepungukiwa na maji mwilini. Kijana akalazwa, akatiwa maji mshipani siku kadhaa, na damu yake ikapimwa mara kwa mara. Alhamdulillahi, alitoka akiwa mzima. Lakini daktari hakutuficha kwamba lau tungalingoja zile siku mbili tulizozisema sisi, huenda mambo yangalikuwa mengine.

Tangu siku hiyo tulianza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyoyafahamu.

Watu wengi hudhani kwamba nguvu huingia mwilini wakati mtu anaponyanyua. Sivyo. Wakati wa kunyanyua nguvu hutoka: sukari iliyowekwa akiba ndani ya misuli hutumika, na nyuzi za misuli hupata majeraha madogo madogo yasiyoonekana kwa macho. Baada ya hapo, mtu akiisha kuweka uzani chini na kula na kulala, ndipo mwili huanza kutengeneza kilichoharibika, na hukitengeneza kwa kukizidishia kidogo ili siku nyingine kisishindwe na mzigo ule ule. Kazi hii ya kujenga huendelea muda wa siku moja hata mbili. Basi anayerudi kuvunja kabla fundi hajamaliza kujenga, atapataje nyumba?

Wazee wetu wa Uchaggani waliijua hekima hii katika maji. Ile mifereji ya kale waitayo mifongo, iteremshayo maji kutoka msituni mpaka kwenye vihamba, mara nyingi maji yake hukusanywa bwawani. Usiku tundu la bwawa huzibwa ili maji yajae, na asubuhi hufunguliwa yakanyweshe migomba. Mtu aliyeacha tundu wazi usiku kucha hakusifiwa kuwa ni mchapa kazi, kwa kuwa asubuhi alikuta tope. Na mwili nao bwawa lake hujaa usiku.

Hata sisi waalimu wa chuo twaijua kanuni hii, ila tumeifungia ndani ya chuo. Mtoto anayehifadhi hatumpi juzuu mbili kwa juma moja. Twampa kidogo, kisha twamrejeza nyuma, na ikifika Alhamisi jioni twafunga chuo mpaka Ijumaa ipite. Tangu utoto wetu tumeona kwamba mtoto asiyepewa siku ile hulipoteza hata lile alilokuwa nalo. Ajabu yetu ni kuwa tuliutambua uchovu wa moyo wa kuhifadhi, na mwili ulio mbele ya macho yetu tukauona kama hauchoki.

Wala jambo hili halikuachwa nyuma na wema waliotutangulia. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kisa cha Salman Alfarisi alipomzuru nduguye Abu Dardaa, akamkuta amejitupa katika kufunga mchana na kusimama usiku, hata mkewe hana sehemu yake. Salman akamzuia, akamlaza mpaka usiku ukawa mwishoni, ndipo wakainuka wote wawili wakasali, akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumba yake wana haki. Habari ilipofika kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alimsadikisha Salman. Ikiwa mtu alizuiliwa kuichosha nafsi yake kupita kiasi katika ibada, itakuwaje katika kopo la saruji?

Sasa na tuutazame mlima wetu, kwani wenye akili watapata humo darasa kamili. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Moshi haufiki hata mita 1,000. Apandaye kwa njia ya Marangu hulala kwanza Mandara, kiasi cha mita 2,700, kisha Horombo, kiasi cha mita 3,700, kisha Kibo, kiasi cha mita 4,700, ndipo ajaribu kilele. Wapandaji wengi huongezewa siku moja pale Horombo. Siku ile hawalali mchana kutwa. Hutembea polepole mpaka juu kidogo, kisha hurudi kulala pale pale. Na wapitao njia ya Machame hupandishwa mpaka karibu na Mnara wa Lava, kiasi cha mita 4,600, kisha hushushwa wakalale Barranco, chini ya mita 4,000. Maana yake ni moja: mwili huonyeshwa taabu kidogo, kisha hupewa nafasi ya kuizoea. Katika nafasi hiyo mtu hujifunza kuvuta pumzi zaidi, na damu yake hujiandaa kuchukua hewa iliyo haba. Anayeruka nafasi hiyo kwa kujiona shujaa huweza kushushwa kwa machela, tena wengine walipoteza roho.

Hata wale waliofika kileleni kwanza walifundishwa na mlima hivyo hivyo. Mjerumani Hans Meyer alijaribu mwaka 1887 na mwaka 1888, asifanikiwe. Mwaka 1889 alikuja na Ludwig Purtscheller wa Austria, akaweka kambi mahali mbalimbali mlimani, na wapagazi wakawaletea chakula ili wasilazimike kushuka mpaka chini kila mara. Tarehe 3 Oktoba wawili hao walifika ukingo wa kreta wakiwa wamechoka na saa zimekwisha, wakarudi. Walipumzika, na tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni. Lau wangaling'ang'ana siku ile ya kwanza, huenda wasingalirudi. Nasi twaongeza kwamba nyuma ya safari ile, kama nyuma ya safari zote hata hizi za leo, walikuwako watu waliobeba.

Na hao wabebao ndio wana wetu. Kanuni ya Hifadhi ya Kilimanjaro ni kwamba mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na mizigo hupimwa kwa mizani langoni. Tangu mwaka 2003 uko hapa Moshi pia mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ujulikanao kwa herufi zake KPAP, ambao huwaazima wapagazi nguo za baridi bila malipo na hufuatilia namna wanavyotendewa na wenye kuwaajiri. Haya ni mambo mema. Lakini mizani hupima mzigo, haimpimi mtu. Haijui kwamba huyu aliyesimama mbele yake alishuka jana, na kwamba siku sita alilala kwa baridi usingizi wa mang'amung'amu, kwani huko juu hata mwenye afya hulala vibaya.

Twajua kwa nini hurudi upesi. Msimu una miezi yake, kiangazi kile cha Juni mpaka Oktoba, na ile miezi ya mwanzo wa mwaka, kisha masika huja na kazi hupungua. Mtu mwenye karo za watoto na kodi ya nyumba hawezi kuambiwa "pumzika" kama aambiwavyo tajiri. Hatuandiki haya kwa kuwalaumu. Twaandika kwa sababu goti lililoharibika na mgongo uliopinda hauna msimu, na familia itakosa safari zote kwa kutaka kuongeza moja.

Enyi vijana mnaonyanyua vyuma, na nyinyi mnaobeba mlimani, yashikeni haya machache.

La kwanza, pumzikeni baina ya mkupuo mmoja na wa pili. Mwenye kutafuta nguvu na angoje dakika mbili au tatu kabla ya kuushika tena uzani mzito.

La pili, misuli mliyoitumikisha sana ipeni saa 48 kabla ya kuirudia. Mtu aweza kunyanyua Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, na Alhamisi na Ijumaa akapumzika pamoja na watoto wa chuo. Siku tatu kwa juma zamtosha anayeanza. Na siku ya mapumziko si ya kulala kitandani kutwa. Kutembea, kupalilia migomba kidogo, kunyosha viungo, yote hayo huusaidia mwili.

La tatu, ongezeni kidogo kidogo. Aliyebeba kilo 20 wepesi asiruke kilo 30 kwa kushindana. Ongezeko la sehemu moja katika kumi, au chini ya hapo, latosha. Haba na haba hujaza kibaba. Na anayeanza, au aliyeacha muda mrefu kisha akarudi, ndiye mwenye hatari kubwa kuliko wote, kwa kuwa moyo wake unazikumbuka nguvu ambazo misuli haina.

La nne, usingizi. Mtu mzima ahitaji saa saba au zaidi, na mtoto wa miaka kumi na mitatu hata kumi na minane ahitaji saa nane mpaka kumi. Aamkaye alfajiri na alale mapema baada ya Isha. Simu na mpira wa usiku wa manane vyaiba katika bwawa lile tulilolitaja. Na aliyepungukiwa na usiku na aupate usingizi mfupi wa kailula mchana.

La tano, chakula na maji. Vijana huuziwa unga wa makopo kwa bei kubwa wakaambiwa ndio siri. Kijengacho misuli ni protini, na utafiti waonyesha kwamba kwa mnyanyua vyuma, zaidi ya kiasi cha gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku haileti faida kubwa. Kijana wa kilo 60 hupata gramu 96 hivi, nazo zimo katika maharage, mayai, maziwa, dagaa, samaki na nyama. Na ile sukari iliyotumika hurudishwa na ndizi, wali na ugali. Bakuli la mtori wenye nyama, alilolipika mama kwa mkono wake, lina vyote viwili.

La sita, mwezi wa Ramadhani. Hatusemi mtu aache mazoezi kabisa, ila apunguze uzani na hesabu, asifanye kazi nzito katika jua na mwili hauna maji. Wakati mwema ni muda kidogo kabla ya kufuturu, kwa mazoezi mepesi, au baada ya kufuturu na chakula kutulia. Mwezi huo na uwe wa kulinda nguvu zilizopo. Za kuongeza zitangoja Shawwal.

Tena msihofu kwamba mkipumzika nguvu zitaondoka. Nguvu za misuli hazipotei kwa siku tatu, wala kwa juma zima. Wenye ujuzi wa mazoezi hujiwekea kila baada ya majuma kadhaa juma moja la uzani mwepesi, na mara nyingi hurudi wakiwa na nguvu zaidi.

Sasa twasema na wazazi na wake wa nyumbani, kwani nyinyi mwaona yasiyoonwa na rafiki wa uani. Maumivu ya misuli yanayokuja siku ya pili na kupoa yenyewe baada ya siku chache ni ya kawaida. Lakini mkimwona kijana halali vizuri, amekuwa mkali bila sababu, uzani wa jana leo wamshinda, na moyo wake wapiga upesi hata anapoamka, jueni amepita mpaka, naye yampasa apumzike. Na mkiona maumivu yanazidi badala ya kupungua, kiungo kimevimba na kukaza, mwili umelegea, na mkojo umekuwa wa rangi ya kahawa au ya chai ya rangi, hapo msingoje kesho, msimpe vidonge, wala msimwulize mwalimu. Mpelekeni hospitali saa ile ile.

Tumalize kwa habari ya kijana wetu. Alikaa miezi bila kunyanyua kitu, kisha akaanza tena kwa kopo dogo, siku tatu kwa juma. Msimu uliofuata alichaguliwa, akapanda, akashuka salama. Kesho yake akapigiwa simu kuwa ipo safari nyingine, waondoka alfajiri. Alikuja kwetu baada ya magharibi akaketi ukumbini muda mrefu bila kusema. Kisha akasema, "Maalim, fedha naihitaji. Lakini miguu yangu haijarudi."

Tulijua kwamba alikuwa akingoja neno letu, na kwamba neno letu la kwanza lilimpeleka kitandani. Tukamwambia, "Usiende." Hakwenda, na ujira wa safari ile ukapotea. Hatutawadanganya wasomaji kwamba ulirudi kwa njia nyingine. Nyumbani kwao mwezi ule ulikuwa mzito. Alipanda tena baada ya siku nne, na mpaka tunapoandika haya angali akipanda.

Na siku ya Jumamosi, chuo kilipofunguliwa, tuliwakusanya wale watoto tuliomsifia kijana yule mbele yao. Tukawaambia kwamba tulilowafundisha siku ile lilikuwa kosa, na kwamba ndugu yao alistahili kusifiwa siku aliyokaa nyumbani. Mtoto mmoja mdogo akainua mkono, akauliza kama basi na sisi tungewapa mapumziko siku hiyo. Wote wakacheka, nasi tukacheka. Kisha tukawafungulia misahafu, kwa kuwa Alhamisi na Ijumaa walikwisha kupumzika.

Wabillahi taufiq.